Mzingile, Upenyo na Njia: Historia Fupi ya Istilahi Tatu

Neno "mzingile" halikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Limo katika kamusi ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939, pamoja na mwenziwe "mwambiji", kwa maana ya mahali penye njia za kupotezana, au fumbo. Hivyo wataalamu walipoanza kuifundisha mashine kutoka mahali pa namna hiyo, Kiswahili kilikuwa na jina lake tayari.

Mwaka 1950 Claude Shannon wa Marekani aliunda panya wa bandia aliyejifunza njia kwa kujaribu na kukwama. Mwaka 1956, huko Uholanzi, Edsger Dijkstra alibuni kanuni ya kutafuta njia iliyo fupi kuliko zote, akaichapisha mwaka 1959. La kuangaliwa na mfasiri hapa ni maandalizi: ramani ya barabara ilipunguzwa hadi miji 64, ili namba ya kila mji ienee katika tarakimu sita za sifuri na moja. Ramani ilikwisha kufasiriwa kabla mashine haijaanza kazi.

Kwetu elimu hii ilichelewa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na istilahi huzaliwa panapo kazi.

Tutwae mfano wa miteremko ya Mlima Meru, ambako vijia hupita baina ya migomba na kahawa, vikakatizwa na makorongo na mifereji ya kumwagilia. Mwandaaji huigawa ramani katika miraba, akatia alama moja kwa kila mraba: "#" kwa kizuizi, nukta kwa mahali papitikapo. Korongo lenye kina ni kizuizi. Je, mfereji? Aendaye kwa miguu huuruka; mwenye mkokoteni husimama. Hilo programu haiwezi kuliamua. Huamuliwa na aliyeiandaa ramani. Wako waachao nafasi tupu badala ya nukta, nami sioni ubora wake, kwani nafasi zilizo mwishoni mwa mstari hupotea kwa urahisi faili linapohifadhiwa. Mistari haitalingana tena, na mraba uliokuwa wazi umetoweka. Yafaa pia kuizungushia ramani ukingo wa vizuizi, utafutaji usije ukatoka nje yake.

Tatizo la lugha ni neno "njia". Twaweza kuuita hivyo mraba ulio wazi, kisha tukaliita hivyo hivyo jibu litolewalo na programu. Mwanafunzi wa Arusha akiambiwa kwamba njia ina kosa, atarekebisha nini: ramani yake, au kanuni ya kutafutia? Makala haya yapendekeza mraba wazi uitwe "upenyo", na "njia" ibakie kuwa mfululizo wa penyo toka mwanzo hadi mwisho. Vivyo hivyo "kusoma" kuwe kuzipokea alama kama zilivyo, na "kuandaa" kuwe kuzikagua na kuzipa namba.

Kuhusu "mwambiji", sioni haja ya kuliingiza katika vitabu vya shule. "Mzingile" peke yake latosha.