Lori Jeusi, Udongo Mwekundu

Swali la dawa gani inafaa lori jeusi ni la juzi tu. Madereva wa Thika wa enzi za Bedford na Leyland walikuwa na swali lao: leo tunateremka Chania au mto Thika? Mito hiyo miwili inapita huku na huku ya Hoteli ya Blue Posts, iliyoko pale tangu 1908, na kila dereva alikuwa na kichochoro chake cha kuteremshia gari mpaka magurudumu ya mbele yaingie majini. Taniboi alivua viatu, akakunja suruali, akapewa ndoo, kipande cha sabuni ya mche kilichobaki baada ya kufua, na gunia. Ndiyo, gunia, lile lile lililobeba kahawa wiki iliyopita. Lori lilisuguliwa kama sufuria ya ugali.

Baba yangu alikuwa mmoja wa madereva hao. Lori la tajiri wake lilikuwa la kijani kilichoiva, kijani cha kuchungulia, maana ukilitazama jioni ungeapa ni jeusi. Mimi nimekulia Makongeni, Thika, na sasa kazi yangu ni kuosha na kung'arisha malori na pikapu huku Ruiru, karibu na pale Eastern Bypass inapoingia Thika Road. Wateja wa magari ya rangi nzito wakiniuliza kuhusu chupa zilizo kwenye rafu yangu, huwa najibu kwa kirefu kuliko walivyotaka. Chupa zile zimefuatana. Kila moja ililetwa na taabu iliyosababishwa na ile iliyoitangulia.

Tuanze na rangi yenyewe. Lori la baba lilipakwa rangi ya tabaka moja, nzito, isiyo na kitu juu yake. Jua la Thika, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta, liliila rangi hiyo mpaka ikachujuka na kuwa na unga kama wa chaki. Ukiipitisha kiganja, kiganja kinatoka kijani. Basi kila baada ya muda baba alinunua dawa ya kusugua yenye chengachenga kwa Mhindi wa hadwea, akaondoa ule unga, na chini yake kijani kikajitokeza kipya kabisa. Hapo ndipo weksi ya kopo ilipopakwa, weksi ambayo asili yake ni majani ya mti mmoja wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili uitwao carnauba. Mti ule hutoa nta ili jua la kiangazi lisiyakaushe majani yake. Sijui nani aliwaza kuichukua kinga ya jani na kuivika bamba la chuma, lakini aliwaza vizuri.

Kwa rangi ya namna hiyo gunia lilisameheka. Lilikwaruza, ndiyo, lakini mikwaruzo ilikuwa ikisuguliwa pamoja na unga, na rangi ilikuwa nene ya kutosha kuvumilia miaka.

Mwaka 1974 kilianzishwa kiwanda cha Leyland Kenya kule Thika, cha kuunganisha magari kutoka vipuri vilivyoletwa vimefungwa makasha. Mwaka 1989 kikabadilishwa jina kikawa Kenya Vehicle Manufacturers, na ndicho kilichokuja kuunganisha Volkswagen Polo Vivo kuanzia Desemba 2016. Kwetu Makongeni kiwanda hicho kilikuwa shule. Jirani yetu mmoja alifanya kazi upande wa rangi, na ndiye wa kwanza niliyemsikia akizungumza juu ya vumbi kwa chuki ya kweli. Alisema sakafu ya chumba cha kupulizia rangi humwagiwa maji ili vumbi lisipande. Chembe moja ikitua kwenye rangi mbichi, mlango mzima unarudiwa kwa msasa. Akiliona lori la baba likifutwa kwa kitambaa kikavu, alikuwa akigeuza uso.

"Mzee mwenzangu," alimwambia baba siku moja, "hapo hufuti vumbi. Hapo unapiga msasa."

Baba alicheka. Lori lake lingeweza kucheka pia, kwa kuwa rangi yake ilikuwa ya kizamani. Yaliyokuja baadaye ndiyo hayakuwa na ucheshi. Katika miaka ya 1980 viwanda vya magari duniani vilizidi kuhamia kwenye rangi ya matabaka mawili: rangi yenyewe chini, ikiwa nyembamba, na juu yake klia, tabaka linaloonyesha kila kitu kama kioo. Mafundi wetu wa jua kali huliita klia, nami sina sababu ya kulitafutia jina lingine. Klia ndiyo inayong'aa. Klia ndiyo inayokwaruzika. Ikishasuguliwa ikaisha, hakuna rangi nene chini ya kukuokoa; ni kupuliza upya.

Ukitaka kujua gari lako ni la zama zipi, chukua kitambaa cheupe, kitie polishi kidogo, usugue mahali pasipoonekana. Kikigeuka rangi ya gari, hiyo ni tabaka moja. Kikibaki cheupe, una klia, na gunia la baba yangu ni haramu kwako.

Sasa weusi. Rangi nyeusi haikwaruziki zaidi ya nyeupe; klia ni ile ile. Tofauti iko kwenye macho. Kila mkwaruzo mdogo una kingo zinazorudisha mwanga, na mwanga juu ya weusi huonekana hata na asiyetaka kuona. Simamisha lori jeusi saa nane mchana, litazame boneti pale jua linapopiga: utaona duara juu ya duara, nyuzi nyembamba za fedha kama utando wa buibui. Hizo si kazi ya barabara. Ni alama za mkono wa mwoshaji, na ukizifuata kwa makini utajua hata kama alikuwa akizungusha kwa kulia au kushoto. Kwenye lori jeupe alama hizo zipo pia, ila hakuna anayeziona. Ford alitoa Model T nyeusi tupu kati ya 1914 na 1925 kwa kuwa weusi wa wakati ule ulikuwa rahisi na wa kufaa kiwanda chenye haraka. Kwetu, mwenye lori jeusi anatangaza kwamba ana pesa ya kuliosha.

Na hapa anahitaji kuliosha kweli. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuja kulima Thika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikianza kitabu chake cha 1959, The Flame Trees of Thika, na safari ya mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nairobi. Barabara imebadilika, udongo haujabadilika. Kuanzia Ruiru kwenda juu kwenye kahawa ni udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano, wenye chuma kingi, laini kama unga wa dengu ukiwa mkavu. Unaingia kwenye mpira wa dirisha na hautoki. Ukishuka kuelekea tambarare za Juja unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoshika tairi wakati wa mvua mpaka gurudumu linaacha kuzunguka. Halafu kuna vumbi la tatu, ninaloliogopa zaidi: la machimbo ya mawe ya Ndarugo. Ni la kijivu, halionekani la kutisha, lakini ni unga wa jiwe la volkano na punje zake zina makali. Udongo mwekundu unachafua. Vumbi la Ndarugo linakata.

Mawe hayo ndiyo yaliyoijenga Ruiru mpya. Thika Road ilipanuliwa kuanzia 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Mashamba ya kahawa yakageuka mitaa ya nyumba. Hata Tatu City imesimama palipokuwa na mibuni. Sensa ya 2019 iliwakuta watu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru, karibu mara mbili ya Thika, mji ambao sisi tuliuona mkubwa. Malori ya mawe na mchanga yalifuata pesa, na waosha magari wakayafuata malori. Kila penye uwanja kando ya barabara pakawekwa tangi, mashine ya petroli ya kusukuma maji na kijana mwenye gambuti.

Mtoni tulikuwa tumeshaondolewa. Sheria ya mazingira ya 1999, na hasa kanuni za ubora wa maji za 2006, zilifanya kumwaga uchafu majini kuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Sina ugomvi na sheria hiyo. Nimeyaona mafuta ya dizeli yakielea juu ya Chania yakiwa na rangi zote za upinde wa mvua. Ila ilituhamishia kwenye visima virefu. Maji ya mto Thika yenyewe hukingwa juu kule Ndakaini, kwenye bwawa lililokamilika 1994, yakapelekwa Nairobi, nasi tunaosha kwa maji ya kuchimba. Maji ya kisima yana madini. Yakikaukia juu ya jeupe huoni kitu. Yakikaukia juu ya jeusi unapata madoa meupe ya mviringo, na yakiachwa juani siku kadhaa yanaanza kuing'ata klia.

Mashine nayo ilikuja na faida yake na balaa lake. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ilitengeneza mashine ya kuoshea kwa maji moto yenye shinikizo mwaka 1950, na mimi ningempa aliyeibuni mkono wa heshima, kwa sababu maji yanayopiga kwa nguvu huondoa vumbi la Ndarugo bila mtu kuligusa. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho gunia, sponji ya vipande vya godoro na fulana za mitumba haviwezi kufanya. Lakini kijana mwenye haraka akiisogeza ncha karibu na mahali rangi ilipopasuka, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.

Pamoja na mashine ikaja sabuni ya mtungi. Mtaani kila mtu anajua kuipika: angaroli, asidi ya salfoniki, magadi ya viwandani ya kuipoza asidi, chumvi ya kuifanya nzito, rangi na manukato. Lita ishirini zinatoka mchana mmoja. Ni sabuni nzuri ya sakafu na ya vyombo. Kwa lori jeusi lililopakwa weksi ni sabuni ya kuvua: aliyeipika akizidisha magadi, weksi yote inaondoka na povu. Ndiyo maana natumia shampuu ya magari isiyo kali, na sabuni ya mtungi nimeiacha kwa chesisi na matairi. Kuna na ile desturi ya kumaliza kwa kupuliza dizeli chini ya gari ili liwe jeusi ti. Inapendeza kwa siku mbili, kisha mpira wa bushi unavimba na vumbi lote la Ruiru linapata pa kukaa.

Juzi alikuja dereva na Isuzu ya tipa, nyeusi, mpya, tajiri amempa aitunze.

"Fundi, nimeambiwa kuna dawa ya seramiki. Inakaa miaka. Niwekee hiyo."

"Unabeba nini, bosi?"

"Mawe. Ndarugo mpaka Kamakis."

Nilimwambia aihifadhi pesa ya tajiri. Seramiki ni nzuri kwa pikapu ya mtu anayelala kwenye lami. Inaongeza ugumu kidogo, inafanya maji yateleze, lakini haiwezi kuzuia jiwe. Tipa ya machimbo inataka vitu vingine. Maji mengi kwanza, kutoka juu kwenda chini, bila mkono kugusa bodi. Kisha povu, liachwe dakika chache lilainishe, lisikauke. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea, ili mchanga ubaki kwenye ndoo ya pili. Glavu ikianguka chini haitumiki tena siku hiyo. Kukausha ni kwa taulo nene la nyuzi ndogo, likilazwa na kuvutwa taratibu, na mapema kabla maji ya kisima hayajaacha madoa. Madoa yakiwepo tayari, siki ya jikoni iliyochanganywa na maji huyatoa kama bado hayajazama. Nayo isuuzwe mara moja. Weksi mara kwa mara, ile laini ya kupuliza, kwenye kibanda na milango tu. Sanduku la nyuma ambako mawe hutua niliacha kulipaka weksi zamani.

Nikamwambia na saa: kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Bodi nyeusi mchana inaunguza kiganja, na shampuu inakaukia juu yake kabla hujaifikia.

Aliuliza kuhusu zile brashi za manyoya ya kupangusia vumbi zinazouzwa kwenye foleni pale Githurai, kama anaweza kuitumia moja akisubiri zamu machimboni. Nilimwonyesha mlango wa Fuso iliyokuwa imeegeshwa kando, ya buluu iliyokoza, ambayo dereva wake anayo brashi kama hiyo chini ya kiti. Akainama, akatazama, akageuza kichwa huku na huku kutafuta jua. Kisha akauliza taulo la nyuzi ndogo ni pesa ngapi.