Hii ni ya Nani? Mafundi wa Mpakani, Kutoka Redio hadi Laptopu

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Wizara ya Fedha ilikuwa imefunga kompyuta ya kwanza ya nchi hii mwaka 1965, hesabu zikaishia kuvurugika, na wakubwa wakaamua kwamba anayetaka mashine ya namna hiyo aombe kibali maalumu. Sisi wa Tarime hatukupungukiwa na kitu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na sikumjua mtu hata mmoja ambaye angeweza kuniambia kompyuta ni mnyama gani. Fundi wa vitu vya umeme kwetu alikuwa fundi redio, basi.

Nimekalia kigoda cha fundi tangu ujana, kwanza Tarime mjini kwa mjomba wangu, baadaye Mugumu, Serengeti, kwenye kibanda changu mwenyewe. Siku hizi kazi inayoniletea watu ni laptopu za mtumba zilizofungwa. Vijana wanaokuja kujifunza wanadhani ufundi huu umekuja na Windows, nami huwaambia kwamba niliuanzia kwenye jiko la mkaa.

Kibanda cha mjomba hakikuwa na umeme. Pasi ya kulehemu ilikuwa kipande cha shaba kilichochongwa ncha, kimeshikizwa kwenye ufito wa chuma wenye mpini wa mti. Zilikuwa mbili, moja mkononi mwa mjomba, nyingine motoni, na mimi kazi yangu kupuliza mkaa na kuichunga ile ncha. Ikipoa, risasi haiyeyuki. Ikizidi moto, shaba inavaa ukoko mweusi ambao risasi inautelezea tu, na hapo unaisugua kwa msasa hadi ing'ae, huku mjomba akiguna. Redio nyingi zilikuwa za National, zilizounganishwa Dar es Salaam. Kilichokufa mara nyingi ni uzi wa kuvuta mshale wa masafa, au vibati vya kushikia betri vilivyoliwa na maji ya betri zilizovuja. Betri zenyewe zilianikwa juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, taarifa ya habari ya Redio Tanzania isiwapite watu. Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokuwa wakikaa kwa vikundi kusikiliza redio, redio moja ikinyamaza wanakuja nayo watu sita.

Kabla ya kugusa skrubu, mjomba alikuwa na swali lake. Akiwa mbele ya kijana: "Mura, hii ni ya nani?" Akiwa mbele ya mtu mzima alianza na shikamoo, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, kisha lile lile: "Na hii redio, mzee wangu, ni ya kwako?"

Mgeni angemwona mtu wa dharau. Sisi tuliomzunguka tulijua swali lile limetoka wapi. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umeshawatesa Wakurya wa pande zote mbili za mpaka, na mali inayotembea kwa miguu ilikuwa na baraza lake, iritongo, mkutano wa wanaume wa eneo ambako mtu anatajwa hadharani na kutakiwa aeleze alichokipata amekipataje. Sungusungu walipoingia katika wilaya zetu walikuta watu wameshazoea kuulizwa hivyo. Ng'ombe ana chapa, ana rangi, ana mtu aliyemwona akizaliwa. Redio haina mtu aliyeiona ikizaliwa. Kwa hiyo mjomba alitaka jina la muuzaji, na ikiwezekana jina la jirani aliyekuwapo siku ya kununua. Sijawahi kuona sheria ya serikali iliyofanya kazi yake vizuri kuliko swali lile, ingawa upo wakati lilimshinda hata yeye.

Wakati huo ulianza Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na Sirari, mji wetu wa mpakani, ikawa mwisho wa barabara. Ndugu wakabaki Isebania, upande wa Kenya, ndugu wengine huku. Spea zilizokuwa zinatoka Kisii na Migori zikaanza kupita njia za panya, usiku, ndani ya magunia. Kisha mwaka 1983 likaja fagio la serikali dhidi ya wahujumu uchumi. Watu waliokutwa na bidhaa wasizoweza kuzieleza walikamatwa, na wengi wakazika vitu vyao au kuvitupa kabla hawajafikiwa. Mteja aliyeulizwa "hii ni ya nani" mwaka ule aliondoka na redio yake bila kujibu. Hata mwenye mali halali alidanganya, maana ukweli wa "nimenunua Migori" ungempeleka ndani. Mjomba akaacha kuuliza kwa sauti. Mwisho wa mwaka huo mpaka ulifunguliwa tena, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 ikawa ruksa, lakini ile tabia ya kununua bila karatasi ilishaota mizizi, na mimi nasema ndiyo inayotusumbua hadi leo kwenye laptopu.

Televisheni nitaziruka. Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, tukazitengeneza, zikatulisha, hazikutufundisha jipya lolote kuhusu kufuli.

Kufuli la kwanza tuliliona kwenye simu. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo, ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, fedha zake zilimwagika Tarime kwa namna ambayo sisi mafundi tuliihesabu kwa simu. Simu zilizovuka Sirari kutoka Kenya zilikuja nyingine zimefungwa mtandao mmoja. Ukiweka laini ya Tanzania inakataa. Hapo tukajifunza kuflashi: kompyuta moja chakavu, boksi, kebo za kila umbo, na programu ambayo hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Kwa miaka kadhaa fundi aliyekuwa na kebo sahihi alikuwa mfalme wa stendi, na swali la mjomba lilisahaulika kabisa. Simu ilifunguliwa asubuhi, jioni iko mkononi mwa mtu wa tatu.

Halafu ikaja usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki nchi nzima. Wateja walikuwa wakibonyeza *#06# wiki kadhaa kabla, wakiandika namba za IMEI, utambulisho wa simu, kwenye viganja na kuniletea nizisome. Wapo waliotaka nibadilishe IMEI. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inasema hilo ni kosa, na mimi nilikataa kwa sababu hiyo na kwa sababu nyingine: ilikuwa mara ya kwanza kuona kifaa kizima, kisicho na hitilafu yoyote mezani, kikiwa maiti kwa uamuzi uliofanyika mbali. Pasi ya kulehemu haikuwa na la kufanya.

Laptopu zilikuja kwetu kwa njia mbili. Nyingine zinatoka Dubai na Ulaya, zinapita Kariakoo au Nairobi, ndipo zifike Sirari, Tarime na Mugumu. Nyingine zinaachwa na wageni na wafadhili, hasa upande wa Serengeti, ambako kuna hifadhi na kuna mashirika. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukichora ramani za vijiji vyetu ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa, na kazi kama hiyo inataka simu na mashine. Walimu nao wanazitaka, makarani, wachungaji. Laptopu mpya dukani haishikiki, basi mtumba.

Nyingi ya mashine hizi ziliishi ofisini kwa mtu. Ukigeuza mgongo unakuta stika ya mali ya kampuni fulani, namba zake, wakati mwingine hata simu ya kitengo cha kompyuta cha mji usioujua. Kampuni hubadilisha mashine zake baada ya miaka michache, inazitoa kwa jumla, data imefutwa vizuri, ila hakuna aliyekumbuka kuondoa neno la siri la BIOS, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Inapofika kwangu imepita mikono mingi na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulijua.

Watu wanasema "laptopu imelock" kana kwamba kufuli ni moja. Neno la siri la Windows peke yake linalinda mlango wa mtumiaji, diski yenyewe iko wazi, na kijana wa miezi mitatu anapiga window upya kabla chai haijapoa. BIOS ni jambo jingine. Kwenye kompyuta za mezani za zamani ulichomoa ile betri ya sarafu, CR2032, ukasubiri, na kumbukumbu ikapotea pamoja na neno la siri. Watengenezaji wa ThinkPad na wenzao wakaja kulihamishia kwenye chipu ndogo yenye miguu minane, isiyojali betri ipo au haipo. Ili uifikie unafumua mashine nzima, unaitafuta chipu kwa kioo cha kukuzia, unaibana kwa klipu, unaisoma kwa kifaa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Unaisoma mara mbili na kulinganisha nakala zako. Zikitofautiana hata herufi moja, klipu haijashika sawasawa, na ukiandika juu ya hapo umeiua bodi. Mikono yangu ya kuchunga ncha ya shaba inanifaa hapa kuliko chochote nilichojifunza baadaye.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea ya namna hii, aliinunua mnadani.

"Fundi, muuzaji alisema ni paswedi tu."

"Mwalimu, hii ni ya nani?"

Akacheka. Nikamwambia sitanii, nipigie muuzaji. Akapiga, muuzaji akampigia aliyemuuzia, na kwa mzunguko huo tukapata picha ya karatasi ya jumla yenye namba za mashine thelathini na kitu, ya mwalimu ikiwamo. Nikaandika daftarini: jina, kijiji, namba ya mashine, namba ya muuzaji. Ndipo nikachukua bisibisi. Baada ya kufuli kazi ilikuwa ile ninayoipenda: feni iliyojaa manyoya ya vumbi, mafuta ya prosesa yaliyokauka kama tope la kiangazi, diski ya kuzunguka nikaitoa nikaweka ya SSD, RAM nikaongeza, kibodi nikapata kutoka kwa marehemu mwingine. Betri ilikuwa inakaa dakika chache, akaelewa.

Wapo wanaoudhika nikiuliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inanitosha kama kisingizio, maana kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila haki ni kosa, na ninaitaja kwa wanaoogopa sheria. Kwa wazee wa Kikurya sihitaji kuitaja.

Ila meza yangu inazidi kupungukiwa nguvu. Laptopu yenye BitLocker, kufuli la Windows la diski nzima, inadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo data iliyomo imekwenda. Naweza kufuta diski na kuanza upya, picha za mtu siwezi kuzirudisha. Mac zenye chipu ya T2, tangu mfumo wa mwaka 2019, zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenyewe, na hapo hata ufute kila kitu mashine inamuuliza Apple kwanza. Swali ni lile lile la mjomba, linaulizwa na seva. Tatizo ni kwamba seva haiwezi kupigiwa simu kupitia kwa muuzaji wa mnadani, wala haipokei ushahidi wa jirani. Mwizi anashindwa, na hilo nalishangilia, lakini na mnunuzi mwaminifu wa Mugumu anashindwa vile vile. Mashine hizo nazinunua kwa bei ya spea, kioo na kibodi.

Na zitaongezeka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya zinatoa mashine zilizo hai kabisa, na baadhi zitashukia Sirari. Wateja wasio na haja ya Windows nawawekea Linux. Mwanzoni wanalalamika, baada ya mwezi hawarudi.

Kwa hiyo wauzaji wa Sirari na Tarime nina dai moja kwao. Washeni laptopu mbele ya mnunuzi, muingie hadi kwenye BIOS, muingie hadi kwenye dawati, kisha muandike kwenye risiti namba ya mashine na kwamba imefunguliwa. Anayekataa kuandika hivyo mnunuzi amwachie mashine yake, na asiniletee mimi.