Kolelo na Matambiko ya Uzaramo

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao Kinondoni na Temeke tumezoea kudhani kwamba habari za kale za mji huu ni za masultani na majahazi tu. Lakini Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam, katika miaka ya 1860, hapa palikuwapo kijiji cha Mzizima, na nyuma yake vijiji vya Wazaramo, wenye njia yao wenyewe ya kuomba mvua na heri.

Katika nchi ya Vietnam kila kijiji kilikuwa na mlinzi wake na nyumba ya kumheshimia, na mfalme ndiye aliyempa mlinzi huyo hati ya cheo. Kwetu hapakuwa na hati. Mlinzi wa kijiji alikuwa mzee aliyekwisha kufa, na mahali pake palikuwa kaburini, au chini ya mti mkubwa. Wazee walifagia mahali pale, wakamwaga unga na pombe ya mtama, wakamwita kwa jina, wakamweleza shida yao kana kwamba ameketi mbele yao. Kisha watu walikula pamoja. Asemaye kwamba waliabudu mti hakupata kuwasikiliza.

Bali mvua ilipokataa nchi nzima, tambiko la kijiji kimoja halikutosha. Ndipo wajumbe walipotumwa kwa Kolelo, katika pango la milima ya Uluguru, safari ya siku nyingi kwa miguu, nao walichukua nguo nyeusi, rangi ya mawingu ya mvua. Wala si ajabu kwamba waliielekea milima ile: mto Ruvu hutoka huko, na maji yake ndiyo yanywewayo leo katika mabomba yetu. Husimuliwa kwamba Kolelo alikuwa nyoka mkubwa aliyemchukua mwanamke mmoja aliyekuwa akichimba mizizi porini, akamwambia asiogope, kwani yeye ametumwa na Mungu kutengeneza mambo ya dunia yaliyoharibika. Jamaa za mwanamke huyo wakawa walinzi wa pango.

Basi njia ya kuombea mvua ilikuwa pia njia ya habari. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, ilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza watu wasiwalipe Wadachi kodi. Habari hizo aliziandika mmisionari Martin Klamroth, aliyekaa katika nchi hiyo, naye hakuwa rafiki wa Kolelo. Hivyo hatuna budi kuzisoma kwa hadhari. Hata hivyo twaona kwamba Wadachi, waliokuwa wakihesabu majumbe na maakida wao, hawakuwahesabu wajumbe wenye nguo nyeusi. Tambiko walilidhania kuwa mchezo wa wazee.

Baadaye Uislamu ulienea sana, na wako waliosema kwamba kutambika ni shirki. Wengine hawakuona shida: walisoma dua, kisha wakaenda makaburini kwa wazee wao. Marja-Liisa Swantz, aliyekaa Bunju, kaskazini ya mji, katika miaka ya 1960, alikuta mila hizo zikiendelea miongoni mwa Waislamu, akaziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Tangu hapo mji umeifikia Bunju yenyewe. Makaburi mengi yaliyokuwa kando ya vijiji sasa yamo katikati ya viwanja vya watu, na atakaye kufagia kaburi la babu yake hulazimika kwanza kubisha hodi kwa mgeni.