TAKUKURU ni nani, na inamsaidiaje mwananchi wa kijijini?

Unakwenda kufuatilia jambo ambalo ni haki yako, unaambiwa "toa ya soda kwanza." Wasikilizaji wetu wengi wanaijua lugha hiyo. Wengi pia wamelisikia jina la TAKUKURU, lakini hawajui kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Katika makala hii tunaeleza.

Ilitoka wapi?

TAKUKURU ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania Bara. Ilianza mwaka 1975 kama Kikosi cha Kuzuia Rushwa. Mwaka 1991 ikaitwa Taasisi ya Kuzuia Rushwa, na ilipata jina la sasa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007. Mkurugenzi Mkuu wake anateuliwa na Rais. Zanzibar ina mamlaka yake yenyewe, inayojulikana kama ZAECA.

Inafanya kazi gani?

Kwanza, inaelimisha wananchi. Pili, inachunguza mianya ya rushwa katika ofisi za umma na kushauri namna ya kuiziba. Tatu, inachunguza watuhumiwa na kuwafikisha mahakamani. Hapa wengi hukosea: TAKUKURU haihukumu. Makosa mengi hayafiki mahakamani mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali, na anayetia hatiani ni hakimu au jaji. Ndiyo maana kesi inaweza kuchukua muda, na mtuhumiwa ukaendelea kumwona mtaani. Hiyo haina maana kwamba taarifa yako imetupwa.

Malalamiko gani yanapelekwa huko?

Kuombwa fedha ili upate huduma, kiongozi kutumia madaraka yake vibaya, fedha za mradi wa kijiji kuliwa, au fedha za wakulima kupotea mikononi mwa viongozi wa chama cha ushirika. Rushwa ya ngono nayo ni kosa, chini ya kifungu cha 25 cha sheria hiyo. Mkubwa wa kazi au mwalimu anayedai mwili wa mtu ili atoe ajira, alama au huduma anavunja sheria hata kama hakuomba shilingi.

Lakini ugomvi wa mpaka wa shamba kati yako na jirani si wa TAKUKURU. Huo unaanzia baraza la ardhi la kijiji. Ukiombwa chochote barazani ili upewe haki, hapo ndipo TAKUKURU inapoingia.

Nikishatoa, bado naweza kusema?

Swali hili ndilo linalowafunga watu midomo. Sheria inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Kwa hiyo njia iliyo salama ni kutoa taarifa ukishaombwa, kabla hujatoa. Ukiwahi, maofisa wanaweza kuandaa mtego kwa fedha maalumu, na ushahidi unakuwa mzito kuliko maneno matupu. Mwambie anayekudai kwamba unakwenda kutafuta hela, kisha piga simu.

Natoaje taarifa?

Piga 113, simu ni bure. Unaweza pia kwenda ofisi ya TAKUKURU ya wilaya yako. Eleza nani ameomba, ameomba nini, wapi, siku gani, na nani alikuwapo. Tunza risiti, ujumbe wa simu na karatasi zozote ulizopewa.

Wanaoogopa kujulikana wana sababu, kwani kijijini kila mtu anamjua mwenzake. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Hata hivyo, ulinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe: usitangaze kilabuni wala kwenye kundi la simu kwamba umeripoti. Na usipeleke uongo ili kumkomoa mtu, kwani hilo nalo ni kosa.

Kabla ya simu

Rushwa nyingi za kijijini hukua pale watu wasipouliza. Mapato na matumizi ya kijiji yanatakiwa kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi 3. Hudhuria, uliza fedha za zahanati au darasa zimefika wapi, na uhakikishe swali lako limeandikwa kwenye muhtasari. Jibu lisipoeleweka, namba ni 113.