Nati Zilizokazwa Kupita Kiasi: Kazi ya Matairi kati ya Lodwar na Kakuma

Kinachoshikilia gurudumu kwenye habu ni mvutano wa bolti. Nati ikizungushwa, bolti hurefuka kidogo sana, na kwa kutaka kurudia urefu wake huibana rimu. Nguvu ikiwa ndogo, rimu hucheza na nati hulegea. Ikizidi, chuma huvuka mpaka ambao kingeweza kurudi: bolti hubaki imerefuka, shingo yake hupungua unene, na uwezo wake wa kubana hupotea hata kama mkono unaona nati imekaza sawasawa. Katika barabara ya A1 kaskazini mwa Kenya, kutoka Lodwar hadi Kakuma, hofu ya kosa la kwanza ndiyo iliyozaa la pili. Chanzo chake kimo katika historia ya barabara hiyo na ya magari yaliyoipitia.

Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Magari yaliyofika Lodwar, mji uliokua kando ya Mto Turkwel, yalikuwa hasa ya serikali, ya jeshi na ya wafanyabiashara wachache. Mwaka 1941 Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ilipitia Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, kwenda kupigana na Waitaliano kusini mwa Ethiopia, na malori yake yakavuka laga, yaani mito mikavu ya mchanga, zilizokuwa hazina daraja. Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung baada ya kesi ya Kapenguria, naye akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Serikali ilijua kwamba umbali na joto vingewazuia zaidi kuliko ukuta. Katika nchi ya namna hiyo kazi ya matairi ilikuwa ya dereva na tanboi wake. Walibeba jeki, wili spana, viraka, pampu na tairi la akiba, na aliyelifunga gurudumu ndiye aliyekuja kulifungua. Jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu anayejua kwamba kesho atalifungua gurudumu mwenyewe, juani, hakazi nati bila kufikiri.

Malori ya Kiingereza ya enzi hiyo, Bedford miongoni mwayo, yalikuwa na jambo jingine la kuzingatia. Bolti za upande wa kushoto zilikuwa na hesi za kinyume: nati ilifungwa kwa kuzungushwa kushoto na kufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Waliounda mfumo huo walitaka mzunguko wa gurudumu usiilegeze nati. Malori mengi ya Kijapani, kama Isuzu na Mitsubishi Fuso, yaliendelea na mpango huo kwa miongo mingi, na kwenye matairi pacha ya nyuma yakaongeza nati mbili kwa kila bolti: ya ndani inashika gurudumu la ndani, ya nje inashika la nje. Malori ya Ulaya yaliyoenea baadaye, Mercedes-Benz na Scania, yana hesi za kawaida pande zote mbili. Fundi anayepokea aina zote hizi kwa siku moja asipoangalia ncha ya bolti, anaweza kuamini kwamba anafungua kumbe anakaza. Sehemu ya nati zinazosemekana kuwa zimeshika kutu zilikazwa na mtu aliyekuwa akijitahidi kuzifungua.

Kazi ya matairi ilianza kuwa biashara ya kando ya barabara magari yalipoongezeka. Ukame wa 1980 na 1981 uliua mifugo mingi, ukaleta mradi wa Turkana Rehabilitation Project na malori ya chakula cha msaada. Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha samaki cha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, pamoja na barabara ya lami ya Kitale hadi Lodwar. Mwaka 1989 Lokichoggio ikawa kituo kikuu cha Operation Lifeline Sudan, shughuli ya Umoja wa Mataifa ya kupeleka misaada kusini mwa Sudan. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kupokea wakimbizi kutoka Sudan, wakiwemo maelfu ya vijana waliotembea bila wazazi wao, na muda si mrefu wakafuatiwa na Waethiopia na Wasomali. Chakula cha kambi kilitoka bandari ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kila lori lililofika lilikuwa na matairi kumi au zaidi yaliyochoka, na kibanda chenye kompresa, chuma cha kung'olea tairi na ndoo ya maji ya kutafutia tundu hakikukosa kazi.

Barabara nayo ilikuwa inakufa. Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway mwaka 1990, misaada ya Norway ikakatika, na lami ya Lodwar ikamenyeka kipande kwa kipande kwa kukosa matengenezo. Kufikia miaka ya 2000 madereva wengi waliiacha barabara na kupita pembeni mwake, mchangani na kwenye mawe. Mtikisiko wa muda mrefu ni adui wa kweli wa nati, hasa pale ambapo rangi mpya au vumbi limenaswa kati ya rimu na habu: vumbi likisagika, nafasi hubaki na mvutano hupungua. Dawa inayokubalika ni kusafisha nyuso hizo kwa brashi ya waya, kukaza kwa kipimo, kisha kukaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Lakini lori likitoka Lodwar kwenda Kakuma, kilomita zipatazo 120, mahali pa kukaza tena ni katikati ya nyika. Kwa miaka mingi magari ya njia hiyo, na ya kipande cha Kainuk upande wa kusini, yalikwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi kwa hofu ya majambazi. Dereva hakutaka kusimama. Alichomwomba fundi kilikuwa kimoja: kaza isifunguke. Fundi akavalisha bomba kwenye mpini wa wili spana, akapanda juu yake kwa miguu miwili.

Kwa lori, hesabu ya jambo hilo si mbaya. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya mpini wa sentimita 40 anatoa nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni-mita 275. Bomba likifikisha mpini urefu wa mita moja, nguvu hiyo hupanda hadi karibu 690. Bolti ya lori ya milimita 22 huhitaji takriban 600 hadi 700, kwa hiyo fundi aliyesimama juu ya bomba alikuwa akikaribia kipimo cha kiwanda bila kukijua. Balaa ilianza bomba hilohilo lilipohamia kwenye magari madogo. Land Cruiser za zamani zenye bolti sita za milimita 12 na rimu za chuma huhitaji karibu 150. Zile mpya zenye bolti tano za milimita 14 huhitaji kidogo zaidi ya 200. Toyota Probox, ambayo leo inabeba abiria na mirungi kila pembe ya Kenya, inatosheka na karibu 100. Vibanda vilivyozoea malori viliyatendea magari hayo kana kwamba ni malori, na hapo, kuliko kwenye uzembe wa fundi mmoja mmoja, ndipo penye asili ya tatizo.

Mashine ya hewa ya kukazia na kufungulia nati ililiongeza tatizo hilo. Ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya viwanda, na hufanya kazi kwa mapigo mafupi ya nyundo ndogo inayozunguka ndani yake. Mashine kubwa ya malori inaweza kupita nyutoni-mita 2,000. Fundi hasikii uzito wowote mkononi. Anasikia mlio tu, na mlio haumwambii bolti imefika wapi. Akipaka grisi au mafuta kwenye hesi, kama wengi wafanyavyo kwa nia njema, msuguano hupungua na nguvu ileile huivuta bolti zaidi. Kwa kawaida bolti haivunjiki siku hiyo. Huvunjika wiki kadhaa baadaye, mara nyingi gurudumu linapofunguliwa kwa sababu nyingine kabisa, na lawama humwangukia fundi wa mwisho.

Baada ya miaka hiyo ya barabara mbovu, mambo mengine yaliongeza magari kwa kasi. Mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1, karibu na Lokichar, mwezi Machi 2012, na kuanzia Juni 2018 malori yakaanza kuyasafirisha mafuta ghafi hadi Mombasa kwa barabara. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuijenga upya barabara ya kuelekea mpaka wa Sudan Kusini mwaka 2015, na lami mpya ikaunganisha Lodwar, Kakuma na Lokichoggio. Kakuma yenyewe imekuwa soko: utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 kambini na mjini. Lami nzuri imeondoa sababu ya zamani ya kukaza kupita kiasi, lakini mazoea yamebaki, na mwendo wa kasi umeongeza hatari ya bolti iliyochoka.

Kufungua nati ya namna hiyo njiani kuna utaratibu wake. Nati hulegezwa kabla gari halijapandishwa jeki, tairi likiwa bado limekanyaga ardhi, kwa kuwa gari lililo juu ya jeki linaweza kuanguka. Wili spana inayotoka na gari kiwandani ni fupi, na hupinda kabla nati haijasogea. Ndiyo maana dereva mzoefu wa Turkana hubeba bomba lake. Mafuta ya kupenya hutiwa na kuachwa kwa muda. Nati hugongwa kwa nyundo. Wakati mwingine hukazwa kidogo sana kwanza ili kutu ipasuke, kisha hufunguliwa. Madereva wa malori wamepokea kwa furaha spana ya gia, inayozungushwa kwa mkono polepole na kuizidisha nguvu mara nyingi. Nati iliyomomonyoka pembe hushikwa kwa soketi ndogo kidogo iliyopigwa kwa nyundo, au huchomelewa nati nyingine juu yake, na joto la kuchomelea lenyewe husaidia kuilegeza. Moto wa gesi ni njia ya mwisho, na ni ya hatari: tairi likiwa bado kwenye rimu, joto linaweza kulipasua kwa nguvu ya kuua.

Bolti ikikatika, wengi huendelea na tano kati ya sita. Hilo ni kosa linalosameheka mpaka gereji ya kwanza tu, maana zilizobaki zinabeba mzigo wa iliyokosekana, na zilikazwa kwa bomba lilelile.

Tiba ya kudumu imejulikana muda mrefu. Kambini Kakuma, shirika la Don Bosco limefundisha ufundi wa magari kwa wakimbizi na wenyeji tangu miaka ya 1990, na Kenya ina mitihani ya serikali ya madaraja ya ufundi. Mafundi wengi wa matairi hata hivyo hujifunza kwa kusimama kando ya aliyetangulia, na aliyetangulia alijifunza kwenye malori. Njia bora kwa kibanda cha kawaida ni kutumia mashine ya hewa kufungulia tu. Kufunga kuanze kwa mkono, nati zikipokezana kwa mkingamo, na kumalizike kwa spana ya kipimo. Spana hiyo inauzwa Nairobi kwa bei iliyo chini ya ile ya tairi moja jipya la Land Cruiser, na haihitaji umeme wala kompresa.