Uvimbe Usiokuwa Uvimbe: Historia ya Istilahi Moja ya Maumivu ya Wayo

Msomaji atakayeona ajabu kwamba jarida la istilahi linajishughulisha na maumivu ya vidole vya miguu na aniwie radhi, kwani sababu ipo. Zamani kidogo mfasiri mmoja alituletea kijikaratasi cha maelezo kwa wagonjwa ili tukihakiki kabla ya kuchapishwa. Kilihusu maradhi ambayo madaktari huyaita nyuroma ya Morton. Mfasiri aliandika “uvimbe wa mshipa wa Morton”, nami nikapitisha bila kusita, kwa kuwa kila neno lilikuwamo katika kamusi. Baadaye nilipata habari kwamba mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikisoma kijikaratasi hicho akiwa katika foleni ya kumwona daktari, akakikunja, akarudi nyumbani bila kutibiwa. Aliwaambia wanawe kwamba ana saratani, na kwamba hataki kukatwa mguu. Mzee mwingine aliuliza kwa nini daktari wa miguu anashughulikia ngiri.

Wote wawili walisoma Kiswahili sawasawa. Neno “uvimbe” likitamkwa hospitali, watu wengi hulielewa kuwa ni saratani iliyofichwa kwa adabu. Ama “mshipa”, hilo ni neno lililobebeshwa mzigo mzito tangu zamani: ni njia ya damu, ni neva, pengine ni ukano, na tena ni jina la maradhi ya kinena na korodani. Kamusi Sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ililieleza kwa upana huo, na wasemaji hawajalipunguzia mzigo hadi leo. Kosa basi lilikuwa langu. Katika kulichunguza niligundua kwamba hata jina la asili, lile tulilokuwa tukilitafsiri kwa uaminifu mkubwa, limejengwa juu ya kosa.

Neno nyuroma lilitungwa na Louis Odier, tabibu wa Geneva, mwaka 1803, kwa mizizi ya Kigiriki: neva, pamoja na kiishio ambacho katika utabibu humaanisha uvimbe unaotokana na chembe kuzaana kupita kiasi. Kwa nyuroma halisi jina hilo ni sahihi. Lakini kitu kinachouma katika wayo hakizaani. Neva ndogo ya vidole, inayopita baina ya vichwa vya mifupa mirefu ya mbele ya wayo, hunenepa kwa sababu tishu ngumu zenye nyuzinyuzi hujikusanya kuizunguka, na nyuzi za neva zenyewe huchakaa. Mahali pa kawaida ni kati ya kidole cha tatu na cha nne; mara chache zaidi ni kati ya cha pili na cha tatu. Mgonjwa husikia moto, au ganzi, au kama kwamba amekanyaga kokoto ndani ya kiatu. Akivua kiatu na kujisugua, hupata nafuu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na viatu vyembamba vya visigino virefu hulaumiwa sana. Saratani haimo kabisa katika habari hii.

Mtu wa kwanza kuandika juu ya unene huo wa neva hakuwa Morton. Mwaka 1835 Filippo Civinini, mtaalamu wa anatomia wa Pistoia, Italia, alieleza fundo aliloliona katika neva ya unyayo. Wala wa pili hakuwa Morton: mwaka 1845 Lewis Durlacher, mtibabu wa miguu wa London aliyemhudumia pia Malkia Victoria, aliandika katika kitabu chake juu ya sugu na kucha kwamba ameona maumivu ya neva kati ya mfupa wa tatu na wa nne wa wayo. Durlacher hakuwa daktari wa chuo. Alikuwa mtu wa sugu. Nadhani hilo lilichangia jina lake kusahauliwa, ingawa kuhusu mahali penyewe alisema kweli zaidi kuliko wengi waliomfuata.

Thomas George Morton wa Philadelphia alitoa makala yake mwaka 1876. Aliyaeleza maumivu vizuri, lakini aliyaweka katika kiungo cha kidole cha nne, na tiba aliyoipendekeza ni kukikata kiungo hicho na kukiondoa. Kwa hiyo katika istilahi “nyuroma ya Morton”, nyuroma si nyuroma, na Morton hakuiona. Kana kwamba hayo hayatoshi, alikuja Morton mwingine, Dudley Joy Morton, aliyeandika katika miaka ya 1920 na 1930 juu ya wayo ambao mfupa wake wa kwanza ni mfupi. Huyo ana “kidole cha Morton” chake, ambacho hakihusiani na neva hii. Mfasiri anayekutana na jina Morton katika maandiko ya miguu lazima kwanza aulize ni Morton yupi.

Katikati ya vurugu hiyo lilizuka jina moja la unyenyekevu. Mwaka 1889 Pollosson, daktari wa Lyon, Ufaransa, alipendekeza neno metatasalgia, yaani maumivu ya mifupa ya mbele ya wayo, basi. Neno hilo halidai kujua chanzo. Udhaifu wake ni upana: maumivu yoyote ya mahali hapo yanaingia humo, hata yale ya mfupa uliovunjika kidogo. Lakini halijapata kumdanganya mtu, na sifa hiyo ni adimu katika orodha yetu.

Jina baya lingeweza kuachwa kama kichekesho cha madaktari, kama lisingevuta tiba nyuma yake. Mwaka 1893 Hoadley wa Chicago alipasua wayo, akakuta neva imenenepa, akaikata, na mgonjwa akapona. Mwaka 1940 Betts, wa Adelaide, Australia, aliisisitiza hoja kwamba tatizo ni la neva, na tangu hapo kukata neva kukawa tiba ya kawaida. Ukiamini kwamba unachokitibu ni uvimbe, kukiondoa ni jambo la akili. Wagonjwa wengi walipata nafuu, ila walibaki na ganzi baina ya vidole. Baadhi yao walipatwa na jambo la kusikitisha zaidi: mwisho wa neva iliyokatwa ulijaribu kuchipua upya bila mwelekeo, ukafanya fundo lenye maumivu makali. Fundo hilo ndilo nyuroma halisi. Tiba ya nyuroma isiyo kweli ikazaa iliyo kweli.

Hapa Kiswahili kinatupa neno zuri kuliko tulilolitarajia. Baadhi ya rasimu zimeandika “nyuroma ya kigutu”, kwa kuwa kigutu ni kiungo kilichokatwa. Mimi napendelea “kisiki”. Kigutu kimekwisha habari yake. Kisiki hukatwa na bado huchipua, na aliyewahi kulima shamba lenye visiki haelezwi mara mbili.

Mwaka 1979 Gauthier, Mfaransa, alichukua njia nyingine. Alisema neva hii haina uvimbe bali imebanwa chini ya kano inayoviunganisha vichwa vya mifupa ya wayo. Basi ikatwe kano, neva iachwe. Mwaka 1994 Barrett na Pignetti wakaonyesha jinsi ya kuikata kano hiyo kwa kamera nyembamba kupitia tundu dogo, bila kuufungua wayo. Kuanzia hapo tunaingia katika tiba ambazo vijikaratasi vya leo vimejaa, na ambazo zinatusumbua sisi wenye kazi ya istilahi.

Kwa jumla lao magazeti ya Tanzania yamezoea kusema “upasuaji wa matundu madogo”. Kwa tumbo na kwa njia ya Barrett msemo huo unafaa. Haufai kwa sindano, kwa kuwa hakuna kinachopasuliwa, na mgonjwa aliyeogopa kisu atakimbia jina kabla ya kuijua tiba. Nimependekeza “tiba za jeraha dogo”, nikijua kwamba halijawa tamu mdomoni.

Sindano ya kwanza ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe-moto. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 kutoka Edinburgh, wagonjwa 131 waligawanywa. Waliopata steroidi pamoja na dawa ya ganzi walikuwa na hali bora baada ya miezi 3 kuliko waliopata dawa ya ganzi peke yake. Nafuu hiyo aghalabu si ya kudumu.

Sindano ya pili ni ya alkoholi, ambayo huua nyuzi za neva. Mwaka 1999 Dockery, nchini Marekani, aliripoti matokeo mazuri kwa wagonjwa 100 aliowachoma mchanganyiko wenye alkoholi asilimia 4. Mwaka 2007 madaktari wa Uingereza waliripoti nafuu, kamili au ya kiasi, kwa asilimia 94 ya wagonjwa 101. Lakini walipowatafuta tena baada ya miaka 5 na kuwapata 45, waliobaki bila maumivu walikuwa asilimia 29 tu. Mfasiri asiyaache nje matokeo hayo ya pili kwa sababu ya kunogesha kijikaratasi. Tena achunge neno. Nimeona rasimu iliyoandika “sindano ya pombe”. Muislamu atauliza, na ana haki ya kuuliza. Mlokole naye atauliza. Pombe ni kinywaji. Kinachodungwa ni kemikali, na “alkoholi” au “spiriti safi” ndilo jina lake.

Tiba ya joto ina mtego mkubwa zaidi. Ncha ya sindano hupitishiwa umeme wenye kasi ya mawimbi ya redio, tishu zikapata moto, na neva ikaungua mahali padogo. Watafsiri watatu tofauti wameiita “tiba ya mionzi”. Sasa mionzi, kwa Mswahili aliyewahi kumsindikiza mgonjwa wa saratani hospitali, ina maana moja, na tunarudi palepale kwa yule mama mwalimu. Iitwe “kuunguza neva kwa umeme wa redio”. Ni refu, lakini mgonjwa atajua anafanyiwa nini.

Baridi ndiyo iliyonipendeza. Mwaka 1961 Irving Cooper wa New York alitengeneza chombo cha kugandisha tishu kwa naitrojeni ya majimaji, na mwaka 1976 John Lloyd na wenzake wa Uingereza walieleza jinsi ya kugandisha neva ili kuondoa maumivu. Siri yake ni hii: baridi huua nyuzi za ndani lakini huacha ala yake nzima, hivyo nyuzi mpya zikichipua, takribani milimita 1 kwa siku, hufuata njia ya zamani badala ya kufanya fundo. Neva iliyokatwa huacha kisiki. Iliyogandishwa huacha mfereji. Istilahi haikunipa tabu yoyote hapa, kwani husemwa tokea kale kwamba mguu “umekufa ganzi” kwa baridi. “Ganzi ya baridi” imeingia katika jedwali bila mjadala.

Limebaki jina la maradhi yenyewe. Nilianza na “kichomi cha wayo”, wenzangu wakacheka, kwa kuwa kichomi ni maumivu ya mbavu na mgonjwa angekwenda kupimwa mapafu. “Neva ya mguu” haifai, maana mguu wa Mswahili huanzia nyongani. Kisha nikapenda “mbano wa neva”, kwa kumfuata Gauthier. Lakini chanzo bado kinabishaniwa: wapo wasemao neva huvutwa, na wapo wanaokilaumu kifuko cha majimaji kilicho jirani. Tukiandika “mbano”, tutakuwa tumefanya kosa lilelile la waliosema nyuroma, yaani kutia nadharia ndani ya jina, kisha nadharia ikafa na jina likabaki.

Kwa hiyo jedwali litakalopelekwa katika kikao lina mistari miwili. Kwa madaktari wanaoandikiana: “nyuroma ya Morton”, pamoja na kasoro zake, kwa kuwa ulimwengu mzima wa tiba unalitumia na mtu hawezi kutafuta kitabu kwa jina asilolijua. Kwa mgonjwa: “maumivu ya neva ya vidole vya mguu”, na mara ya kwanza yaongezwe maneno “si saratani”. Mjumbe mmoja amekwisha kuniambia kwamba maneno hayo ya mwisho si istilahi. Ni kweli, si istilahi, nami nimemwomba ayaache.

Kijikaratasi kimechapishwa upya. Mfasiri alinipigia kusema kwamba mama mwalimu alipelekewa nakala nyumbani na mwanawe, naye amechagua sindano ya steroidi, pamoja na viatu vipana.