Kutoka Unix hadi ajenti: historia fupi ya maelezo ya zana

Leo tuzungumzie kitu ambacho waunda programu wengi hukiandika dakika ya mwisho huku wakipiga miayo: yale maelezo mafupi yanayosema zana inafanya nini. Kabla hujasema hayakuhusu, turudi nyuma kidogo.

Tarehe 3 Novemba 1971, kule Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix. Kila amri ilipewa ukurasa: jina, namna ya kuiandika, maelezo, na kuelekea mwisho sehemu iliyoitwa BUGS, yaani kasoro. Humo walikiri wazi pale amri inaposhindwa. Kulikuwa pia na nafasi ya kutaja mwenye amri, kwa hivyo ukikwama ulijua wa kumuuliza.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 2001, ikatoka WSDL 1.1, lugha ya kuzielezea tarakilishi huduma za wavuti. Iliweza kusema hapa weka namba, hapa weka maandishi, utarudishiwa orodha. Umbo la data lilielezwa kwa makini sana. Maana yake, hasa, iliachiwa binadamu.

Kisha ikaja mitandao ya kijamii. Twitter ilianza mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafungua API, mlango wa programu za watu wengine kuchota machapisho. Mlango huo ulikuwa na masharti yake. Kwa miaka mingi utafutaji wa kawaida ulirudisha machapisho ya takriban siku 7 zilizopita tu. Aliyesoma kurasa za maelezo alilijua hilo. Asiyesoma alipigwa na butwaa, akauliza wenzake, wakamjibu. Kuuliza si ujinga.

Juni 2023 OpenAI iliwapa waunda programu njia ya kuzielezea modeli zake kazi ambazo zinaweza kuomba zifanywe. Novemba 2024 Anthropic ikatoa MCP, kanuni ya wazi ya kuunganisha zana na modeli mbalimbali. Hapo msomaji wa maelezo akabadilika. Sasa ni ajenti. Simaanishi yule wa M-Pesa, namaanisha programu ya akili bandia inayojichagulia zana. Kwa kawaida haoni msimbo ulioandika. Anaona jina la zana, maelezo, na orodha ya vitu vya kujaza. Hana mwenzake wa kumuuliza pale kibandani.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Juni 2024 Wakenya walipinga Mswada wa Fedha barabarani na mtandaoni, kwa alama ya #RejectFinanceBill2024. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bunge, na watu wakauawa. Sasa tuseme umeunda zana ya kuchota machapisho, ukaielezea hivi: "Hutafuta machapisho." Mwanafunzi anamuuliza ajenti watu waliandika nini usiku ule. Iwapo zana yako inafikia siku 7 tu, itarudisha orodha tupu. Ajenti anaweza kumjibu, kwa sauti ya kujiamini, kwamba hakuna aliyeandika chochote. Usiku uliojaa vilio umegeuzwa kimya, na mwanafunzi hana habari.

Kuna na suala la saa. API ya X, ambayo ndiyo Twitter ya zamani, hutoa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Chapisho la saa nane usiku, Juni 26, litaonekana ni la saa tano usiku, Juni 25. Ukipanga matukio bila kujua hilo, unapotosha historia.

Linganisha na maelezo haya:

"Hutafuta machapisho ya hadharani yenye maneno uliyopewa, ya siku 7 zilizopita pekee. Hairudishi yaliyofutwa wala ya akaunti za faragha. Saa ni za UTC. Ongeza 3 kupata za Nairobi. Orodha tupu haimaanishi kwamba hakuna aliyeandika. Kwa tarehe za zamani, usitumie zana hii. Mwambie mtumiaji haziwezi kufikiwa hapa."

Hakuna uchawi hapo. Sentensi ya kwanza inasema zana inafanya nini. Zote zilizobaki ni ile sehemu ya BUGS ya mwaka 1971, imerudi kwa mlango wa nyuma. Wazee wa Unix walikuwa wakiwaandikia watu ambao wangeweza kushuku jibu la ajabu, na bado waliandika kasoro. Sisi tunamwandikia msomaji ambaye huenda asishuke kabisa, ajaze pengo mwenyewe.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na zana inayotumiwa na ajenti, fungua maelezo yake leo uhesabu: ni sentensi ngapi zinasema isichoweza? Kama ni sifuri, una kazi ya jioni. Haya, tuonane tena.